Kikohozi cha Mzee Fidele

Jumamosi moja ya masika, mwaka ule wa korona, nesi Asnath alikuwa amekaa kibarazani kwake Kasulu akichambua maharage kwenye ungo. Mumewe, mwalimu Cleophas, alikuwa mlangoni akilinyoosha shati lake la kazini kwa pasi ya mkaa. Asnath akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukatikakatika, kikaishia kwenye mguno wa mtu anayejiandaa kupiga hodi.

Cleophas akaiinua pasi. "Huyo si Mzee Fidele?"

"Ndiye," Asnath akajibu, akaendelea na maharage.

Mzee Fidele alikuwa mfuga nyuki wa Makere. Kila msimu alimletea Cleophas asali, na kikohozi chake kilifika kwenye kona ya njia kabla ya baiskeli yake. Alikuwa amefariki wiki iliyotangulia katika wodi ya Asnath. Alizikwa na watu waliovaa nguo za plastiki nyeupe, ndugu zake wakiwa wamezuiwa ng'ambo ya barabara.

Baada yake wakaja wengine. Kila mgonjwa aliyefia mikononi mwa Asnath alimwachia kikohozi chake. Hawakugombana; mmoja akikohoa, wenzake walingoja. Akipiga mswaki, alikohoa fundi cherehani wa Buhigwe. Akiinama kufunga viatu, alikohoa mama mmoja wa Busunzu aliyekuwa akiimba kwaya. Kulala kukawa kugumu, maana kifua chenye wageni wengi hakijui kulala. Chakula alikitazama tu kikapoa. Alinawa mikono, akaikausha, akarudi kunawa tena, mpaka Cleophas alipokuja kulifunga bomba na kumshika bega.

Mwisho alimwendea Daktari Godson, mkuu wa wodi. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, macho yake mekundu yakiwa yametulia ukutani.

"Mapafu yako ni safi," alisema. "Huyu wa kushoto ni Fidele. Huyu wa chini nadhani ni yule binti wa kambini. Wengine nimewasahau, unisamehe."

Asnath aliomba likizo. Aliomba pia mtu wa kuzungumza naye, anayejua mambo ya namna hii. Daktari akamweleza kwamba mtu huyo hayupo, si hapo wala Kibondo, na kwamba hata yeye alikuwa akimngoja. Wafu wake yeye hawakohoi, alisema. Wanamuuliza tu zamu inaisha lini. Likizo haikuwezekana kwa kuwa manesi wengine walikuwa wagonjwa. Alimwandikia dawa ya kikohozi, akamwomba akisikia wanakuja atoke nje kwanza, wagonjwa wasije wakawatambua.

Habari zikaenea sokoni. Watu ambao hawakuruhusiwa kuwaosha wafu wao wala kuwatazama uso wakaanza kuja jioni, wakitoka shambani, na mkungu wa ndizi au mihogo ndani ya kanga. Cleophas aliwatolea benchi. Mkimbizi mmoja, Léonard, alitoka kambi ya Nyarugusu kwa baiskeli, akavua kofia.

"Bonjour, mama. Banasema dada yangu Elise iko hapa kwako."

Asnath akamkaribisha. Elise akakohoa kidogokidogo, kama mtu aliyeziba mdomo kwa aibu. Léonard akampa dada yake habari za nyumbani: mtoto ameanza kutambaa, na jirani ndiye anayekaanga maandazi sasa kwenye karai lake. Akashukuru, akaondoka akisukuma baiskeli bila kuipanda.

Mtu ambaye Asnath alikuwa akimwogopa alikuja siku ya mvua. Alikuwa Esteri, mjane wa Fidele. Alikaa, akakunja kanga yake iliyolowa, akangoja. Mumewe alipokohoa, alimgombeza taratibu kwa Kiha, kwamba ameondoka bila kumwonyesha mizinga ipi iko tayari kurinwa. Fidele akakohoa tena.

Hapo Asnath akashindwa kunyamaza.

"Mama, mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja. Nilimtoa mpira wa hewa mume wako, nikampa Elise. Niliagizwa, lakini mikono ni yangu."

Esteri aliitazama mikono hiyo. Ilikuwa imebabuka kwa sabuni.

"Yeye alisemaje?"

"Hakusema. Mpira ulikuwa unaburuta sakafuni. Aliushika, akaunyanyua mpaka nikaufikisha kitanda cha pili."

"Na huyo binti alipona?"

"Hapana."

Esteri akasema kwamba hawezi kumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu, na atarudi nacho nyumbani na kulala nacho. Lakini aliyeushika ule mpira ndiye mume wake hasa. Asingependa kuletewa mume mwingine, asiyeushika. Kisha akasogea karibu.

"Na wewe, mwana wanje, mwanangu, kikohozi cha kwako kikoje? Sijakisikia."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Asnath akavuta pumzi, akakohoa. Alikuwa Elise. Akajaribu tena, akawa yule mama wa kwaya. Akajaribu mpaka machozi yakamtoka, na Cleophas, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza kila kimoja, akatikisa kichwa. Mke wake hakuwamo.

Walikuwa bado wameketi hivyo simu ilipoita. Hospitali ilikuwa imepokea wagonjwa kutoka vijijini, na mwenzake wa zamu alikuwa ameanguka kwenye korido. Asnath akanawa uso, akavaa sare. Esteri alimfunga vifungo vya mgongoni, akamwombea Mungu kwa Kiha.

Wodini mtungi ulisimama katikati ya vitanda viwili. Kimoja kilikuwa na kijana, kingine mama mjamzito, na wote wawili walimtazama. Daktari Godson alikuwa ameegemea ukuta, midomo yake ikimjibu mtu asiyeonekana kwamba zamu bado haijaisha.

Asnath akavaa barakoa na glavu. Kabla hajaushika mpira, aliinamisha kichwa na kuwaomba waliomo kifuani wasogeleane kidogo. Wakasogea, bila kelele, wakaacha nafasi ya mmoja.