Mgeni Mmoja wa Mutsamudu

Kofi la kwanza lilimkuta Latoifa bado anajumlisha. Kalamu iliruka, wino ukamwagika juu ya karatasi, na kabla hajajua nani aliyempiga, la pili likatua shavu lile lile. Alipofumbua macho aliona soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini, juu yake kaptula ya kijeshi, akajua. Moroni nzima ilimwita Kapteni yule Soksi, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake.

Soksi alikuwa mmoja wa mamluki waliotua Ngazija mwaka wa 1978, wakampindua mtu, wakamweka mtu, kisha wakakaa. Watu walidhani wakishalipwa wataondoka. Wapi! Miaka ilipita nao wapo, wana askari wao, magari yao na mashamba yao, na huyu Soksi sasa alikuwa anatafuta kiwanja ufukweni Itsandra ajenge hoteli. Ndiyo maana alisoma takwimu za wageni kila mwezi. Mawaziri waliweka mikebe ya chai juu yake. Yeye alizisoma mpaka mstari wa mwisho.

Na mstari wa mwisho ndio uliomleta. Kazi ya Latoifa ilikuwa kukusanya kadi za wageni kutoka viwanja vya ndege na bandari, na kutoa hesabu ya mwezi: wangapi wameingia kutoka nje kwa ziara fupi, wangapi wametoka. Mwezi ule, upande wa Mutsamudu, kisiwani Anzuani, mgeni mmoja siku zake zilikuwa zimekwisha naye hajatoka. Latoifa angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, akaandika chini ya jedwali kwamba huko Mutsamudu mgeni mmoja, kutoka Tanzania, amepitisha muda wake.

"Nani huyu?" Soksi aliuliza kwa Kifaransa, kidole juu ya mstari.

"Hajapitisha kitu, msyu," Latoifa alisema, damu ikimchuruzika mdomoni. "Siku zile kaandika baba yangu. Ni makosa ya baba yangu, na yangu."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mpumbavu. Baba yake, Hachim, ndiye karani wa wageni bandarini Mutsamudu. Kadi ina swali: utakaa siku ngapi? Hachim hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo tangu aanze kazi. Kwa mtu wa Mutsamudu aliyelelewa akaleleka, kumuuliza mgeni ataondoka lini ni kumfukuza. Basi kila aliyeshuka, awe mfanyabiashara wa vitambaa au jamaa aliyekuja harusini kukaa mpaka arobaini ya mtoto, Hachim alimwandikia siku tatu, ile haki ya mgeni aliyoifunza Mtume. Latoifa aliijua tabia hiyo, na kila mwezi aliipuuza safu ile. Safari hii, kwa haraka ya kufunga hesabu kabla ya Ijumaa, alisahau kwamba anasoma mwandiko wa baba yake.

Soksi alicheka kweli kweli, mpaka akajifuta macho. Kisha akamshika nywele akampigiza uso mezani.

"Hakuna nchi ya namna hiyo," alisema. "Mtu katoka Tanzania, kaambiwa siku tatu, kajificha. Twende ukanionyeshe."

Serikali ile waliyoipindua ilikuwa na askari wa Tanzania, na tangu hapo mamluki walimwogopa kila aliyetoka upande ule, hata muuza karafuu. Bwana Abdérémane, mkuu wa ofisi, alisimama mlangoni akitazama viatu vyake mwenyewe. Aliendelea kuvitazama walipomburuta Latoifa mbele yake. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, na Bwana Abdérémane alipisha vizuri sana.

Ndege ndogo iliwavusha Anzuani kabla ya adhuhuri. Hachim walimkuta ofisini bandarini, kanzu safi ya Ijumaa, kofia kichwani, anajiandaa kwenda msikitini. Alipomwona binti yake na uso ulivyovimba, alisimama.

"Mwanangu, nani kakufanya hivi?"

Badala ya jibu alipata kitako cha bunduki kifuani, akaanguka juu ya kiti chake. Soksi aliuliza mgeni yuko wapi. Hachim alivuta pumzi, akajibu kwa upole ule ule aliopokea nao wageni maisha yake yote.

"Mgeni wangu anapumzika. Akipata nafuu nitamleta mwenyewe uzungumze naye."

Askari wawili walimkamata mkono wa kulia, wakaulaza ndani ya mtoto wa meza, na Soksi akaufunga kwa teke. Mfupa ulilia. Hachim hakulia, alitoa sauti ndogo tu, ya mtu aliyeungua na chungu. Soksi aliuliza tena. Teke jingine. Vidole vilipotolewa vilikuwa vimeelekea kila upande, na damu ilidondokea kadi zisizojazwa.

Mgeni mwenyewe alikuwa mzee mmoja mwalimu wa Kurani, Maalim Charif, wa Unguja, babu yake akiwa mzaliwa wa Mutsamudu. Alikuja kumsomea babu huyo Yasini kaburini, basi. Homa ikamwangusha, na Hachim akampandisha kijijini Patsy, kwenye baridi na harufu ya mlangilangi, kwa shemeji yake Moina. Latoifa aliyajua yote hayo kwa barua. Alijua nyumba, alijua na chumba.

Soksi alitoa bastola akaiingiza sikioni mwa Hachim. Hachim alimtazama binti yake. Jicho lile lilisema nyamaza, hakuna mtoto ambaye asingelielewa.

Lakini Latoifa alimpenda baba yake kuliko heshima ya mji mzima. Tangu mama yake afariki hakuwa na mwingine. Akajiambia pia kwamba watamkuta mtu mgonjwa, mzee, watacheka na kwenda zao. Alijiambia hivyo na nusu akaamini.

"Yuko Patsy," alisema. "Kwa mama mdogo Moina. Anaumwa homa tu, Baba. Watamwona anaumwa."

Hachim alifumba macho.

"Umemtoa mgeni," alisema.

Gari la kijeshi lilipanda milima, baba na binti ndani yake. Moina alisimama mlangoni kwake mikono ameitanua, mwanamke mnene, mwenye sauti, akawaambia kuwa ndani kuna mgonjwa na hawapiti. Askari alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Akaanguka, akainuka na meno mkononi, akasimama mlangoni tena. Walimpiga mpaka akashindwa kuinuka.

Ndipo Maalim Charif alipotoka mwenyewe. Alikuwa anatetemeka kwa homa, amejifunika shiromani ya Moina, ile shuka nyekundu ya wanawake wa Anzuani, na kwa hali nyingine watoto wangemcheka.

"Mwacheni bibi wa watu," alisema kwa Kiswahili. "Kama mnanitaka mimi, ndimi huyu. Pasipoti yangu hii hapa."

Akapeleka mkono ndani ya shuka kuitoa. Askari aliyejua Kiswahili, Rachadi, aliyekulia Unguja huko huko, alikuwa anafungua kinywa kumfasiria Kapteni. Soksi hakungoja. Alipiga risasi kifuani, na mzee alipokuwa amepiga magoti anamtazama kwa mshangao, akapiga nyingine.

Kuku walitawanyika. Maalim Charif alilala ubavu, na shiromani ikazidi kuwa nyekundu. Rachadi akamalizia kufasiri: anatoa pasipoti.

Mkononi mwa marehemu ilikuwemo pasipoti, na ndani ya pasipoti tikiti ya kurudia kwao. Soksi aliipekua, akaisoma tarehe, akavuta midomo kama mtu aliyekosea njia. Kisha akamtupia Latoifa vyote kifuani.

"Haya, hesabu yako imekaa sawa. Mwandike ametoka."

Hachim alimwosha maiti kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa, wakamzika pembeni ya babu yake. Kwa binti yake hakusema neno, la kheri wala la shari. Na Latoifa, aliporudi Moroni, alikaa mezani akaandika. Aliandika ametoka. Hesabu ya Mutsamudu mwezi ule ililingana, walioingia na waliotoka, na Bwana Abdérémane akaipiga muhuri bila kuisoma.

Habari za nyumbani zikawa zinamfikia kwa wasafiri. Mama mdogo Moina anakula uji tu. Baba yako mzima, ila kabadilika, siku hizi anauliza. Mtu anashuka, salamu hajaitikiwa, karani kishamuuliza ataondoka lini, macho makavu. Wageni wanasema kawa kama mzungu.

Idi ilipofika Latoifa hakuvumilia. Alimnunulia baba yake kanzu na dawa ya kuchua, akapanda meli. Huko visiwani nyumba ni ya binti. Hachim alianza kuijenga ya Latoifa siku alipozaliwa, jiwe kwa jiwe, kwenye vichochoro vya mji wa zamani, na baada ya kufiwa na mkewe alikuwa akiishi humo yeye mwenyewe, na akipenda kujisifu kwa watu kwamba kapangishwa bure na mwanawe. Latoifa alilishikilia hilo njia nzima. Alasiri wataketi barazani kwake, atamkanda vidole, atalia, na baba atasamehe.

Abiria wa Moroni hawaulizwi kitu bandarini; wao ni wa nchi, hawamo katika hesabu ya wageni. Walipita wakisalimiana na karani na kumpa mkono wa Idi, naye akiwapa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu ya meza, umejikunja, haufunguki.

Latoifa aliinama aubusu. Hachim akauondoa. Alifungua mtoto wa meza, ule ule, akatoa kadi, ile ya watu wa nje.

"Utaondoka lini?"

Latoifa alisubiri baba acheke. Nyuma yake abiria walisongana.

"Baba, nakuja kwangu."

"Utaondoka lini?"

Latoifa aliitazama ile kadi, na meza, na mkono ule wa baba ambaye yeye ndiye aliyemwokoa.

"Siku tatu," alisema.

Hachim akaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, akaihakikisha, kisha akamwita aliyefuata.