Sufuria ya Monique

Tambi zilikuwa zimeganda kwenye kitako cha sufuria, na ukungu wa kijani umeota juu yake kama manyoya. Harufu ikanipanda puani, nikageuka nikatapika kando ya jiko. Mume wangu Pitia akacheka.

"Mke wa mwanajeshi anaogopa uvundo? Osha, pika. Leo wakubwa yangu iko kuja kula hapa."

Wakiniuliza kwa nini niliacha nyumba ya bati Koboko nikarudi Mvara kwa mama na watoto mgongoni, naanzia hapo. Ilikuwa mwaka wa sabini na saba, wanajeshi wakitawala, wiki ambayo Pitia alipandishwa cheo.

Tambi nilijifunza kabla ya kuolewa, jikoni kwa masista Waitalia pale Ediofe: unga wa ngano, mayai, unasukuma, unakata vyembamba, unaanika juu ya kitambaa. Nilipozipeleka Koboko, mama mkwe wangu Kiden alisukuma sahani. "Minyoo hii, lisha kuku!" Lakini wapi! Muda si muda akawa wa kwanza mkekani kila Jumapili, nyanya na vitunguu saumu vikinukia, akigombania masazo na wajukuu.

Nami nilimfundisha rafiki yangu Monique, Mkongo aliyeuza vitenge Arua. Sufuria yake naijua. Mkono wa sufuria hiyo ulipokatika, mumewe Étienne aliufunga kwa waya na kipande cha mpira wa baiskeli. Na sasa waya huo hapo, na mpira huo hapo, mkononi mwangu.

"Baba Jenifer, hii sufuria iko ya Monique."

"Ilikuwa." Alikuwa anafungua vifungo vya shati, wala hakugeuka. "Wale watu walikwenda. Nyumba ilibaki wazi."

Walikwenda wapi, na chakula hawajamaliza? Sikuuliza. Nani aliuliza miaka ile?

Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga. Uvundo ukatoka, kinyaa kikabaki palepale. Nikapika.

Wageni walinawa. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Asipoonja, hakuna atakayekula. Pitia akanipa kijiko.

"Onja, Mama Jenifer."

Bastola ilikuwa kiunoni mwake. Nilijua nikikataa naweza nisiione asubuhi, na wanangu walelewe na huyu. Lakini nikaweka kijiko chini.

"Sionji."

Wageni wakatazamana. Mmoja akakumbuka ana kazi kambini, na wote wakamfuata nje bila kuaga. Kiden akawainua wajukuu mkekani.

"Mimi pia hapana kula," akamwambia mwanawe. "Na ukigusa huyu mutoto ya watu, anza na mimi."

Nilingoja kofi. Pitia akaivuta sufuria nzima katikati ya magoti, akala. Alikula peke yake, kwa mkono, mchuzi ukimtiririka kidevuni, akizifyonza tambi kwa sauti huku akiushika ule mkono wa waya usimponyoke. Huyu ndiye niliyelala naye kitanda kimoja! Ptuu!

Alipomaliza akalamba vidole, akaniangalia, na usoni hapakuwa na hasira hata kidogo.

"Chumvi haikutosha," akasema.