Mngurumo wa Nyuma ya Ukuta

Kaka yangu ana nyundo saba na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, ndiyo maana gereji nzima inamwita Nyundo. Mimi naitwa Waya, kwa sababu kazi yangu ni umeme wa magari, na pia, wanasema wenye midomo yao, kwa sababu ukinigusa vibaya nakurusha. Sikatai. Tumefanya kazi chini ya bati moja miaka thelathini na miwili, yeye ananyoosha bodi, mimi naunga nyaya, na tumegombana kila siku isipokuwa siku ambazo mmoja wetu hakuja.

Sasa nielezee lile gari, maana wapita njia wanasimama getini wanauliza, na Nyundo hawasikii.

Tulipokuwa wadogo, mimi miaka minane na yeye kumi na mmoja, mtaani kwetu kulikuwa na jumba la sinema. Ndani hatukuingia. Baba alisema sinema ni kazi ya wasio na kazi, na neno la baba halikuwa na rufaa. Lakini nyuma ya jumba, uchochoroni, ukutani palikuwa na tundu lililoachwa na bomba la zamani. Ukilaza sikio pale, unasikia kila kitu. Tundu lilikuwa moja na sisi wawili, kwa hiyo tukaweka sheria: mmoja anasikiliza, mwenzake anahesabu, ikifika mia anasema, "Zamu yako." Nyundo akimaliza zamu yake ananisimulia, na alikuwa anatia chumvi mpaka maiti wanafufuka mara mbili.

Filamu moja ilikaa pale msimu mzima, ule msimu ambao umeme wa mtaa ulikuwa haupatikani wiki nzima nzima. Ilikuwa filamu ya gari. Gari lenyewe tulilijua kwa bango la mlangoni: rangi ya machungwa iliyopauka kwa jua, mstari mweupe juu ya boneti, taa nne mbele. Mngurumo wake tuliujua kwa tundu. Ulikuwa mnene, wa polepole, unaingia sikioni unashukia tumboni. Tulistaajabu tu kwamba yule jamaa wa filamu hazimi gari lake hata akiwa anaposa. Nyundo alisema ndivyo walivyo matajiri.

"Tukikua tutalitengeneza," aliniambia Jumamosi moja alasiri, shavu lake limejaa chokaa ya ukuta. Nikamwambia sawa. Mtoto wa miaka minane anakubali chochote.

Tukakua, nami nikasahau. Mwaka jana daktari wa masikio akamwambia Nyundo kwamba vifupa vidogo vya ndani ya sikio vinakakamaa. Sikio la kushoto walishalipasua, halikukubali. La kulia litafunga kabla ya mwaka kuisha. Alirudi gereji, akakaa juu ya tairi, akasema, "Waya, nataka niusikie ule mngurumo kabla sijafunga duka." Mimi nilitaka kulia, nikamgombeza kwa kukalia tairi la mteja.

Basi tukaanza. Tulikuwa na gari la saluni la milango miwili lililolala nyuma ya gereji miaka mingi, mabega yake yanafanana na yale ya kwenye bango. Injini yake ya silinda nne ilikuwa inakohoa tu, tukaing'oa. Mimi nilipendekeza silinda sita, nyepesi, inaingia bila shida. Nyundo akakataa katakata. Alitaka silinda nane, na hakutulia mpaka alipoipata kwenye gari la zimamoto lililouzwa kama chuma chakavu. Tulipoishusha kwa winchi ya mnyororo, haikuingia. Akachukua msumeno wa umeme, akakata ukuta wa chuma kati ya injini na dereva.

"Umeua gari," nikamwambia.

"Maji ukiyavulia nguo," akanijibu, na kwa mtu wa umri wangu hakuwa na haja ya kumalizia.

Akausogeza ule ukuta nyuma, akachomelea vishikio vipya vya injini, akafupisha shafti ya kuzungusha magurudumu. Mimi nikavuta nyaya zote upya. Na kila mwezi nilipandisha sauti. Mwezi wa saba nilikuwa napiga kelele mpaka jirani akaja kuamua ugomvi ambao haukuwepo. Mwezi wa tisa Nyundo alianza kuniangalia midomo. Mwezi wa kumi niliangusha jeki kwenye saruji nyuma ya mgongo wake. Mimi mwenyewe niliruka, yeye akaendelea kupiga msasa mlango. Nilitoka nje nikasimama kando ya pipa la maji, nikajikaza, nikarudi ndani. Kazi ilikuwa bado wiki tatu.

Siku mbili kabla ya kuwasha, binti wa Nyundo alikuja na simu yake. "Shangazi, nimeipata ile filamu. Nimeitafuta kwa bango, mstari mweupe na taa nne."

Tukakaa ndani ya gari letu tukaangalia. Lile gari likatokea, zuri, la machungwa, likakata kona. Likalia kama cherehani.

"Ongeza sauti," nikamwambia. Likalia kama cherehani kubwa.

"Simu yako mbovu," nikasema. Akaiunganisha na spika ya redio ya gereji. Cherehani vilevile. Na jamaa alipokwenda kuposa, alizima gari kama binadamu wengine.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile chumba kidogo cha nyuma cha jumba la sinema, kilichogusana na ukuta wetu wenye tundu, na bomba lake la moshi lililotokea juu ya paa. Jenereta. Msimu mzima hakuna umeme mtaani, na jumba linaonyesha filamu kila alasiri. Fundi umeme mzima, mwenye mvi kichwani, sikuwahi kujiuliza lile jumba lilipata wapi umeme. Nilishikwa na hasira ambayo sikujua nimtupie nani. Mwaka mzima tumekatakata gari ili lilie kama jenereta, na mwenye kulisikia masikio yake yameshafunga.

"Baba yako asijue," nikamwambia yule binti. "Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Asubuhi ya kuwasha, Nyundo alisimama karibu na boneti iliyofunguliwa, amevaa shati safi. Nikapiga stata. Mara ya tatu injini ikashika, bati la gereji likatetemeka, na kopo la misumari likatembea lenyewe juu ya meza. Kimawazo mimi nilikuwa nimerudi uchochoroni kabisa. Niliinua macho nikamwona kaka ananitazama midomo.

"Imewaka?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananitoka, sina aibu kusema.

Akachukua bisibisi ndefu. Mafundi wa zamani wote tunaijua hiyo: ncha unaiweka kwenye injini, mpini unaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, na ugonjwa wa ndani ya injini unausikia kupitia fupa la kichwa, hata tundu la sikio likiwa limeziba. Nyundo akaweka ncha, akakandamiza mpini, akafumba macho. Midomo yake ikaanza kucheza. Nilidhani anaomba dua. Nikasogea, nikaona anahesabu. Arobaini. Arobaini na moja. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Jenereta," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachosema. "Yenyewe hasa."

Nikamshika bega anigeukie. "Ulijua?"

"Siku ile ulipougua surua. Mkata tiketi alinihurumia, akaniingiza. Gari lenyewe linalia kama cherehani. Sikufika hata nusu, nikatoka nikarudi tunduni."

"Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

Akaisoma midomo yangu taratibu, kisha akaangalia injini.

"Ungeacha kuja," akasema.

Akarudisha mpini nyuma ya sikio akaendelea pale alipoachia, arobaini na mbili, arobaini na tatu, mpaka ikatimia mia. Halafu akanipa bisibisi.

"Zamu yako."

Masikio yangu ni mazima na injini ile ilikuwa inasikika mpaka mtaa wa pili. Nikaipokea. Nikainama, nikakandamiza mpini nyuma ya sikio, na kaka yangu akaanza kunihesabia, moja, mbili, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe haisikii.