Chakula cha Wafanyakazi

Kampuni ilipokuja kutoka ng'ambo kufungua hoteli pale Themi, Anneth Pallangyo ndiye aliyepewa kazi ya kuajiri. Alizaliwa Poli, kwenye migomba na kahawa, na wengi aliowachukua walikuwa watoto wa watu anaowafahamu. Kwenye usaili aliwaambia wote kwamba mshahara si mkubwa, ila chakula cha mchana kipo, tena kizuri.

Yeye mwenyewe alikula ghorofani na mameneja. Hakuwahi kukanyaga kantini ya chini mpaka wasichana wa usafi wa vyumba walipoanza kuugua matumbo, mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo akateremka, akapanga foleni, akapewa wali na mchuzi wa kuku.

Mchuzi ulikuwa na utando wa mafuta yaliyoganda. Alipotafuna, kitu kikamchoma ufizi. Akakitoa kwa kidole: kijiti cha kuchokolea meno, kimevunjika, ncha imetafunwa. Chini ya wali kulikuwa na paja la kuku lililong'atwa upande mmoja, na kipande cha tishu kilichofutiwa rangi ya mdomo. Mate yakamjaa kinywani. Alitoka mbio, akatapika kwenye mfereji nyuma ya stoo. Loishiye, mlinzi wa geti la nyuma, akamletea maji.

"Pole, dada," Loishiye alisema. "Mimi hicho sili. Nakuja na maziwa yangu."

"Mlijua?"

"Kila mtu anajua. Tulifikiri na wewe unajua."

Anneth akamrudishia kikombe, akaingia ndani.

Jikoni alimkuta mama Hanna, mpishi wa wafanyakazi, akikwangua sahani zilizorudi kutoka kwa wageni na kuyatia masalia kwenye sufuria kubwa.

"Shikamoo, mama. Nani amekuagiza hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Godwin. Anasema hoteli zao zote ndivyo zinavyofanya. Nikikataa ataleta mwingine."

Godwin alikuwa naibu meneja, Mmeru mwenzake, waliyeimba naye kwaya moja usharikani. Alikuwa ofisini anakunywa kahawa.

"Unawalisha watu vitu vilivyotoka vinywani mwa watu," Anneth alisema.

"Vinachemshwa. Makao makuu wamekata bajeti, mimi ningefanyaje?" Kisha akahamia Kimeru, kwa sauti ya kindugu. "Na tusidanganyane, Anneth. Wengi wao nyumbani kuku wanamwona Krismasi."

Alicheka kidogo, akajifuta midomo. Anneth aliitazama ile midomo. Kisha akaondoka.

Alimwita Loishiye, wakaibeba ile sufuria wakaimwaga kwenye pipa la taka, watu wote wakiona. Kisha akasimama kantini akawaambia kilichokuwamo. Wengine waliinamia meza. Evelyn, msichana wa vyumba kutoka Kimandolu, ndiye pekee aliyesema.

"Tulikuwa tunatoa vijiti, tunakula."

Kuanzia kesho yake hakuna aliyegusa chakula cha hoteli. Walikuja na vyombo vyao, ndizi na maharage, wakala wamekaa kwenye ngazi za mbele, mahali wageni wanaposubiria magari ya kwenda mbugani. Wageni wakauliza. Meneja mkuu, ambaye alikuwa hajawahi kuuliza lolote, akapiga simu makao makuu, na bajeti ikarudi. Mama Hanna akaanza kupika chakula cha kweli.

Taarifa ya mabadiliko hayo aliitoa Godwin, mbele ya wakurugenzi, kama mtu aliyegundua tatizo na kulitatua. Wakampongeza. Kampuni ilipoamua kufungua hoteli nyingine Kigali, wakamteua akaiongoze.

Alikuja ofisini kwa Anneth, amenyoosha mkono. "Nitafutie watu wa kwenda nao. Wasiwe na maneno mengi."

Anneth aliuacha ule mkono hewani. "Watafute mwenyewe."

Wapo waliomwendea Godwin, kwa kuwa mshahara wa Kigali ulikuwa mzuri. Evelyn alikuwa mmojawapo. Alikuja kuaga, ameshika pasipoti mpya, hathubutu kumtazama Anneth usoni.

"Nina wadogo wanasoma, dada."

"Najua," Anneth alisema. "Ukifika, jipikie mwenyewe."

Evelyn alipotoka, Anneth alikwenda bombani akasukutua mdomo, ingawa hakuwa amekula kitu tangu asubuhi.