Kaviha Aitwa Tena Darasani

Alhamisi, tarehe sita Novemba 2025, manyunyu yalianguka Bombolulu tangu alfajiri. Jioni yake, Kaviha, mwanamke mwenye wajukuu, alirudi darasani chuoni, mgomo ukiwa umekwisha. Wahadhiri walikuwa wamegoma wakidai mishahara, na majirani wakamwambia hiyo ni ishara aache masomo. Nusura aache.

Mhadhiri akaita majina. "Kaviha Nyale."

"Abee."

Wanafunzi wakacheka. "Kwani ni mumeo huyo?" Jalila, mwanafunzi mwenzake, alimtania.

"Mama, mimi ni mwanao kwa umri," akasema mhadhiri.

"Sikukuitikia wewe, mwanangu. Mlipogoma nilimwomba Mungu niitwe tena humu, na leo nimeitwa." Akasimama, wote wakimtazama. "Alhamdulillahi, kama asemavyo Jalila. Siachi tena. Mungu akinijalia uhai, nitayamaliza masomo haya, nanyi ni mashahidi."