Sahihi Yangu kwenye Ufunguo wa Wendell

Mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani alipanda juu ya kiti, akainua leseni yake ya udereva ili wote tuione, akaanza kusoma kutoka kwenye karatasi yake: nne, tisa, C, sifuri, sifuri, B. Watu arobaini walikuwa wameinamia karatasi zao, kalamu mkononi, wakifuata tarakimu moja baada ya nyingine. Alipokosea ya kumi na nne, sauti tatu zilimrudisha kwa pamoja, naye akaanza upya bila kulalamika.

Hivyo ndivyo tulivyokutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi, mwaka 1994, katika ukumbi wa kuazima kule Mountain View. Siku nyingine zote tulijuana kwa barua za mtandaoni tu, mia moja kwa siku, kila moja ikigombana na iliyotangulia. Tuliamini kwamba serikali na matajiri hawamwezi mtu anayejua kuifumba barua yake, isisomeke ila na aliyeandikiwa. Ili kumfumbia mtu barua unahitaji ufunguo wake, yaani mlolongo mrefu wa tarakimu. Na ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, lazima umwone mwenye ufunguo kwa macho, usome kitambulisho chake, ulinganishe tarakimu, kisha uutie ufunguo ule sahihi yako, kuthibitisha kwamba ni wake kweli. Sahihi hiyo ikishasambaa mtandaoni hairudi tena.

Ufunguo wa Wendell Haskin ulikuwa na sahihi sitini na moja, na mojawapo ilikuwa yangu.

Siku hiyo sikwenda kusoma tarakimu. Nilikwenda kumtafuta Wendell, na hasira niliyokuwa nayo ilinitoa nyumbani Daly City hadi pale bila kukumbuka hata taa moja ya barabarani niliyosimama. Wendell ndiye aliyekuwa na ile mashine chini ya ngazi za nyumba yake: unaipelekea barua, inalikata jina lako, inaipeleka mbele kama barua isiyo na mwenyewe. "Sihifadhi kitu," alizoea kusema. "Hata mkining'oa kucha, sina cha kusema." Tulimcheka, tukampenda, tukamwamini.

Mimi nikamwamini hata kwa niaba ya mtu mwingine. Tita Remy si shangazi yangu wa damu. Alisoma na mama yangu kule Pampanga, na kwetu Wafilipino hilo linatosha. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee, na kila wafanyakazi walipopungua, wazee walifungwa vitandani kwa mashuka hadi zamu ya asubuhi. Alitaka kusema, akaogopa. Mumewe husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima inayolipia tiba hiyo ya figo ilitoka kwenye kazi ile ile.

"Tita, andika," nilimwambia. Nilimpa kompyuta yangu ya zamani, nikamfungulia akaunti, nikakaa kando yake akiandika kwa vidole viwili. "Hakuna atakayejua. Hii ni hesabu, na hesabu haimwogopi mwanasheria." Tunafundishana kwamba barua kama ile ipitishwe kwenye mashine tatu za watu tofauti, ili kusiwe na hata moja inayojua yote mawili, imetoka wapi na inakwenda wapi. Niliipitisha kwenye moja. Ilikuwa ya Wendell, ya nini kuhangaika.

Ndugu za wazee waliisoma mtandaoni, gazeti likaandika, wakaguzi wakaja. Jana yake, Ijumaa, Tita Remy aliitwa ofisini akaonyeshwa karatasi yenye anwani yake ya mtandaoni, tarehe, na saa aliyoituma barua ile. Alipewa nusu saa ya kukusanya vitu vyake.

Nilimkuta Wendell kwenye meza ya pitsa.

"Ligaya! Duru ya kwanza imekupita, lakini bado..."

"Ulisema huhifadhi kitu."

Alikirudisha kipande chake kwenye boksi. "Barua sihifadhi. Barua zenyewe, hata moja."

"Na anwani?"

Alitazama kulia na kushoto. "Anwani na saa. Za miezi michache tu. Nilikuwa nachora grafu."

"Grafu."

"Ya matumizi. Watu walikuwa wanasema mashine hizi ni vitu vya kuchezea, hazina watumiaji. Barua elfu nne kwa mwezi, Ligaya. Si uliiona mwenyewe mwezi uliopita? Uliipigia makofi."

Ni kweli, niliipigia makofi. Nilisimama katika ukumbi ule ule, mimi ninayelipwa mshahara kutafuta kasoro katika programu za watu, nikashangilia ule mstari unavyopanda, na wala sikujiuliza mtu anahesabuje kitu asichokihifadhi. Hakuna kati yetu aliyejiuliza.

"Jaji ndiye aliyekuamuru uwape?"

"Mwanasheria wa ile nyumba ya wazee aliniandikia kwamba..."

"Nimekuuliza jaji."

"Hapana," akasema. "Lakini alisema atanishtaki hadi nyumba yangu iende. Nina watoto wawili, Ligaya. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningepiga simu kutuonya. Simu moja tu, mwanaume mzima wewe. Umemuuza mtu, halafu unakula pitsa."

Watu walikuwa wameanza kutuzunguka. Orrin, aliyekuwa akiiendesha mikutano yetu, alipenyeza bega lake katikati kwa ule upole wake wa mwalimu. "Tusipandishe sauti. Tukiangalia kwa makini, mfumo haukushindwa. Mtumiaji alipitia mashine moja badala ya tatu."

"Mtumiaji ni mama wa miaka hamsini na nane anayewabadilisha wazee nepi," nilisema. "Na aliyemwonyesha njia ni mimi. Ukitaka kumlaumu mtu, nilaumu mimi, lakini usiniambie mfumo."

"Hata hivyo ni mfano mzuri," alisema mwingine nyuma yangu. "Tuuandike kwenye orodha." Niligeuka, nikamkuta kweli ana daftari, keshaanza. Nilitamani kulichana lile daftari mbele yake. Wengine walikwishaanza kubishana kama mtu anayeendesha mashine ana wajibu wa kimaadili au wa kimkataba tu, na walikuwa wanafurahia.

"Naiondoa sahihi yangu kwenye ufunguo wako," nilimwambia Wendell.

"Haiondoki. Unajua." Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza. "Na tena, sahihi yako haisemi mimi ni mwema. Inasema tu kwamba mimi ni Wendell."

Ndivyo ilivyo. Niliwaacha pale na ubishi wao.

Tita Remy alikuwa jikoni kwake anamenya vitunguu saumu, tayari ana rundo lisiloweza kumalizwa na mlo mmoja. Chumba cha pili mumewe alikuwa amelala. Nilimweleza yote, pamoja na ile grafu na makofi. Kisu hakikusimama.

"Huyo mtu wewe ulimjuaje?" aliuliza.

"Nilisoma leseni yake ya udereva."

"Halafu?"

"Nikalinganisha tarakimu zake na zilizokuwa kwenye karatasi yangu."

Hapo kisu kikasimama. "Ligaya, mimi wakiniletea mfanyakazi mpya, simpi mzee wangu kabla sijaona anavyojaribu maji ya kuogea kwa kiwiko. Jina lake nitaliuliza kesho." Nilianza kulia, naye akanikata jicho. "Usinililie. Nina hasira sana, sina nafasi ya kukubembeleza. Nawa mikono, ukae."

Alitoa kutoka kwenye droo kurasa nne alizoandika kwa mkono. Yalikuwa maneno yale yale, ila safari hii yakiwa na vyumba, tarehe, majina ya waliofungwa, na mwishoni jina lake zima, Remedios Lacson Catacutan, kwa herufi kubwa.

"Naipeleka kwenye gazeti mwenyewe, Jumatatu. Watasema huyu kafukuzwa, ana kinyongo. Nani anajua ile ya kwanza niliiandika nikiwa bado kazini, sijaudhiwa na mtu?"

"Mimi. Nilikuwa nimekaa kando yako."

"Basi sema hapo chini."

Alinisukumia kalamu iliyonuka vitunguu. Miaka miwili nilikuwa nimewahubiria watu namna ya kutoonekana, na nililiamini kila neno. Sasa nilimfikiria yule mwanasheria, na nyumba ya Wendell, na meneja wangu asiyependa kelele. Niliandika kwamba nilimwona akiandika, siku gani, saa ngapi, nikaweka jina na mtaa ninaoishi.

Tita Remy alivaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Umesahau namba ya mlango," alisema.

Sikuwa nimesahau. Niliiandika.