Kipande Chenye Nyota Kuliko Vyote

Ofisini kwetu Winnipeg, jimbo la Manitoba huku Kanada, tuna stoo. Usifikirie magunia. Ni mahali ndani ya kompyuta ambapo mwandika programu akitunga kipande cha msimbo kinachofanya kazi vizuri, anakihifadhi humo ili wenzake wasijichoshe kukitunga upya. Unatafuta, unanakili, unabandika, unaenda kunywa kahawa na uso wa mtu aliyefikiri sana. Ukikipenda, unakibonyezea nyota. Basi. Huwezi kuandika neno chini yake, huwezi hata kukigunia. Wendell Friesen, mwenye kampuni, aliijenga hivyo kwa makusudi. "Kibaya hakitapata nyota," alisema, "kitajifia chenyewe bila mtu kuumizwa moyo."

Kazi yetu ni ratiba za viwanja vya barafu: nani acheze hoki saa ngapi, nani ampishe nani. Mimi, Levko, nilikuwa bado kwenye majaribio, na Jumatatu moja ya Machi Wendell alikuwa aamue kama ananipa mkataba wa kudumu au mkono wa kwaheri. Sina digrii. Nina cheti cha sekondari na mdomo. Nikikosa pale, narudi dukani kupanga mikebe ya supu.

Kwa hiyo waliponipa kiwanja cha Yorkton, kule jimbo jirani la Saskatchewan, nilitaka nisikosee. Nilihitaji kipande cha kugeuza saa ziwe za mji ule. Nikaingia stoo, na juu kabisa nikakikuta kipande cha saa kinametameta. Ofisi nzima ilikuwa imekipa nyota. Nani mimi nibishane na ofisi nzima? Nikanakili, nikabandika, nikakijaribu Februari, kikaenda kama maji.

Sasa, kila mtu wa huku anajua kwamba ikifika Machi sisi wa Manitoba tunasogeza mishale ya saa mbele kwa saa nzima, ili jioni za kiangazi ziwe na mwanga, na majirani zetu wa Saskatchewan hawasogezi; wanatutazama tu kama wendawazimu. Kila mtu anajua, isipokuwa kile kipande.

Jumapili ya kusogeza saa, watoto wa Yorkton ambao zamu yao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi walipata ujumbe kutoka kwenye programu yangu: njooni saa moja. Saa moja ni zamu ya wazee. Wazee nao waliambiwa waje saa mbili, ila wale hawasomi ujumbe wa mtu. Wanakuja saa moja tangu kiwanja hakijaezekwa. Wakakutana mlangoni, watoto wenye helmeti kubwa kuliko mabega na mababu wenye magoti ya chuma, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.

Meneja wa kiwanja, Bi Darlene, alinipigia simu nikiwa bado kitandani.

"Nina babu amekaa golini hataki kutoka!" alifoka. "Na nina mtoto wa miaka sita anamwita mwizi! Nani kati yenu anayejua kusoma saa?"

Jumatatu niliwahi ofisini, nimekwisha kuona kosa liko wapi. Nilianza na Marguerite, mama anayekaa meza ya pili kutoka kwangu.

"Marguerite, kile kipande cha saa, wewe ulikipa nyota?"

"Nilikipa, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Nisisahau kilipo. Ukikipa nyota kinaingia kwenye vitu vyako, unaweza kukiandikia neno pembeni. Mimi nimekiandikia 'sumu'."

"Pembeni wapi? Mbona mimi silioni?"

"Utalionaje? Ni pembeni kwangu."

Nilihisi nywele zinaniwasha. Nikamfuata Jomar, ambaye saa hizo alikuwa anakula tambi za jana za mkewe.

"Dogo, usiniambie umekitumia," alisema, tambi zikining'inia mdomoni. "Kile hakitumiki! Kila mtu anajua."

"Kina nyota kuliko vyote!"

"Nyota za onyo hizo."

"Na asiyejua atajuaje?"

"Anaungua kwanza. Halafu anaongeza yake."

"Jomar, hiyo ndiyo akili? Mbona hamkumwambia aliyekitunga akitengeneze?"

Alimeza, akanyoosha uma kwenye skrini yangu. "Soma jina."

Nikasoma. Wendell Friesen.

"Kilipoongoza stoo nzima kwa nyota alileta keki," Jomar akasema kwa sauti ya msibani. "Akatukatia mwenyewe, mmoja mmoja. Sasa wewe ungemwambia nini, mdomo umejaa krimu?"

Mchelea mwana kulia hulia yeye, tunasema. Hawa walimchelea bosi, na wa kulia nikawa mimi.

Mkutanoni Wendell alikuja mpole kama kawaida yake, na upole wake ndio unaotisha. "Levko, Yorkton wanasema watatuhama. Tueleze, kijana."

"Nilitumia kipande cha saa kutoka stoo. Kina kosa. Kinadhani kila mji unasogeza saa."

"Kile changu?" Alitabasamu kwa huruma, kama nimemwambia theluji ni nyeusi. "Chenye nyota kuliko vyote? Jamani, kina kosa?"

Akatazama meza nzima. Marguerite alikoroga kahawa isiyo na sukari. Jomar akagundua kitu cha maana sana kwenye kucha yake.

"Semeni!" nililipuka. "Marguerite, sumu! Jomar, ulisema nini asubuhi?"

"Nilisema... kina historia," Jomar akajibu.

Hapo nilichoka. Nikachukua kompyuta, nikaiweka mbele ya Wendell. "Andika Yorkton. Andika Julai. Andika saa yoyote unayoipenda."

Aliandika. Akatazama. Akaandika tena, polepole, kama mtu anayerudia kuhesabu watoto wake. Masikio yakamwiva.

"Mlijua," aliwaambia.

"Tangu lini, sijui," Marguerite akanong'ona. "Muda kidogo."

"Kabla ya keki?"

Jomar akarudi kwenye kucha yake. Wendell akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Mchana mzima nilitunga kipande kipya, nikakipima kwa kila mji ninaoujua, nikamrekebishia Bi Darlene ratiba yake. Jioni Wendell aliniita. Karatasi ilikuwa mezani.

"Yorkton wamebaki," alisema. "Kipande changu nimekifuta. Na wewe nimekuongezea miezi mitatu ya majaribio."

"Mimi? Mimi ndiye niliyekwambia ukweli!"

"Ndiyo, na nashukuru. Lakini ulibandika kitu usichokisoma."

"Na wao walionyamaza?"

Akafikiri kwa haki kabisa, namwona anavyojitahidi. "Wao hawakukitumia, Levko."

"Basi tuweke nafasi ya kuandika maoni chini ya kila kipande. Mstari mmoja tu!"

"Tutaumizana mioyo," alisema, akanisogezea kalamu.

Nilitaka kuivunja. Nikakumbuka mikebe ya supu, nikasaini.

Nyumbani mama aliniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia nimepata nusu. Akanitazama, akachukua sahani yangu ya perogi, vile vibunda vya unga vyenye viazi ndani, nusu akazirudisha sufuriani.